Juisi Ileile, Ladha Tofauti: Kupanga Kifaa cha Vepu Ili Ladha Itoke

Swali linalorudi kila mara kwa wavuta vepu, yaani sigara za kielektroniki zinazogeuza juisi yenye ladha kuwa mvuke, ni hili: "Nimenunua juisi ileile aliyonionjesha rafiki yangu. Kwake ilikuwa embe tupu, kwangu ni kama navuta maji ya moto. Nimeuziwa feki?" Huenda, lakini mara nyingi sivyo. Juisi ni ileile. Kilichobadilika ni koili (waya unaopata moto), wati (nguvu inayoupasha), hewa, au utambi uliochoka. Watu humaliza chupa baada ya chupa wakitafuta ladha ambayo tayari wanayo mkononi, ila kifaa chao hakijapangwa kuitoa.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye tayari anavuta. Kama huvuti sigara wala vepu, usianze kwa sababu ya ladha: nikotini hukushika mapema kuliko unavyodhani, na mvuke wenyewe una madhara yake.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kifaa kinachokuruhusu kubadilisha wati, au angalau hewa. Kama podi yako (kifaa kidogo chenye kikopo cha juisi cha kuchomeka) haina kitufe wala pete ya hewa, hatua ya 2, 3 na 6 bado zinakuhusu.
- Koili mpya mbili za aina moja. Usijaribu mipangilio kwenye koili iliyochakaa, utapata majibu ya uongo.
- Chupa moja ya juisi unayoijua vizuri, isiyo tamu sana. Hiyo ndiyo kipimo chako.
- Kitu cha kufutia, tishu au kitambaa, na maji ya kunywa.
- Kalamu na karatasi, au sehemu ya kuandika kwenye simu.
- Betri nzima. Kama ni zile za kutoa na kuingiza, kagua ganda lake la plastiki. Likichanika hata kidogo, betri hiyo haitumiki mpaka ivikwe upya. Usiitie mfukoni pamoja na funguo au sarafu.

Nadharia kidogo tu

Ndani ya tanki, chombo kinachobeba juisi na koili, kuna mambo mawili yanayoshindana: koili inageuza juisi kuwa mvuke, na utambi wa pamba unaleta juisi nyingine. Utambi ukiwa umelowa, juisi inayochemka ndiyo inayozuia joto lisipande kupita kiasi. Ukikauka, hakuna tena cha kulizuia. Joto linaruka na pamba inaungua. Hewa inakuja ya tatu: inapoza koili, na pia inaamua ladha itakuwa nzito au imetawanyika.

Juisi nayo ina sehemu kubwa mbili zinazoandikwa kwenye chupa kwa herufi, PG na VG. PG, yaani propileni glikoli, ni nyepesi, inabeba ladha vizuri na ndiyo inayokwaruza koo. Inachemka karibu nyuzi 188 za Selsiasi. VG, yaani glisarini, ni nzito, ina utamu wake wa asili, inatoa wingu kubwa, na inachemka karibu nyuzi 290. Ndiyo maana juisi yenye VG nyingi inataka nguvu zaidi, na ndiyo maana inapita kwa shida kwenye utambi mwembamba.

Nadharia imeishia hapo.

Hatua kwa hatua

1. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati.

Hii naiweka mwanzo kwa sababu ndiyo inayovunjwa zaidi. Mtu anaweka koili mpya, juisi mpya na wati mpya kwa mara moja, ladha inakuwa mbaya, halafu anauliza tatizo ni nini. Hakuna anayeweza kumjibu. Tumia ile juisi unayoijua mpaka umalize hatua zote, ndipo ulete chupa mpya.

2. Oanisha juisi na koili.

Angalia namba ya omu (kipimo cha ukinzani wa waya kwa umeme) iliyoandikwa kwenye koili, kisha angalia uwiano wa PG na VG kwenye chupa.

Koili ya omu 0.8 kwenda juu mara nyingi ina matundu madogo ya kupitishia juisi. Ipe juisi nyepesi: nusu PG nusu VG, au karibu na hapo. Ukiitia ya VG 80, yaani asilimia 80, utambi utachelewa kulowa, utavuta mara tatu vizuri, na mara ya nne utaonja pamba.

Koili ya chini ya omu 0.5, hasa zile za wavu wa chuma badala ya waya, ina matundu mapana. Hiyo inataka VG 70 kwenda juu. Ukiitia juisi nyepesi, itafurika, itavuja kwa chini, na utasikia mlio wa maji ukivuta.

Kati ya 0.5 na 0.8 kuna eneo la katikati ambapo VG 60 hufanya kazi vizuri. Hapo jaribu mwenyewe.

Nikotini nayo ina ladha. Ile ya kawaida ikiwa nyingi huleta ukali kama wa pilipili unaofunika matunda na maua. Ile ya chumvi ni laini kooni hata ikiwa na kiwango kikubwa, ndiyo maana hutumika kwenye podi ndogo. Onyo: usitie juisi ya nikotini ya chumvi ya miligramu 20 kwa mililita au zaidi kwenye koili kubwa ya wati 60. Mvuke ni mwingi mno. Utapata kizunguzungu, kichefuchefu na moyo kwenda mbio kabla hujafikiria ladha.

3. Lowesha utambi kabla ya kuwasha.

Dondoshea juisi matone machache kwenye matundu ya pembeni ya koili pale pamba inapoonekana, na tone moja au mawili kwa juu katikati. Usimimine, ukijaza bomba la katikati utaivuta juisi mdomoni. Funga, jaza tanki, kisha subiri dakika 5 hadi 10. Kama juisi ni nzito, subiri zaidi. Baada ya hapo vuta mara mbili tatu bila kubonyeza kitufe, ili juisi ivutwe ndani.

Podi zisizofunguliwa koili huwezi kuzidondoshea. Hizo jaza tu na usubiri.

Pamba ikiungua mara moja, imekwisha. Hakuna kuosha wala kusubiri kutakakoirudisha, na ladha ile ya moto itakufuata mpaka uibadilishe.

4. Anza chini, panda polepole.

Koili nyingi zimeandikwa wati zake ubavuni, kwa mfano "50–60W". Wengi wanaenda moja kwa moja kwenye namba ya juu. Wewe anza chini kidogo ya namba ya chini. Kwa koili ya 50–60 anza na 40. Kwa koili ndogo ya 10–14 anza na 9.

Vuta mara tano au sita, ukiacha nusu dakika hivi kati ya mvuto na mvuto. Kisha panda: wati 5 kwa koili kubwa, wati 1 kwa koili ndogo. Kila ngazi ionje vizuri kabla ya kwenda nyingine. Utapita hali hizi:

Mwanzoni mvuke ni mwembamba, wa baridi, na unaonja utamu tu bila umbo. Ukipanda, ladha ya juu inafunguka: limao, mnanaa, matunda mabichi. Ukipanda tena, zile za chini zinakuja: vanila, karameli, kahawa, tumbaku. Ukiendelea, za juu zinaanza kupotea, utamu unageuka kuwa kama sukari iliyoungua, na koo linakauka. Umepita. Rudi nyuma ngazi moja au mbili, hapo ndipo pako.

Kwa hiyo hakuna wati moja inayofaa juisi zote hata kwenye koili ileile. Mimi matunda na mnanaa nayaweka chini, keki na tumbaku nazipandisha. Kama juisi ina vyote viwili, mfano maandazi yenye limao, utalazimika kuchagua unataka kipi kitangulie.

Kama kifaa chako hakina wati bali volti, kumbuka kwamba volti zilezile hutoa nguvu tofauti kwa koili tofauti. Volti 3.7 kwenye omu 1 ni kama wati 13.7; kwenye omu 0.5 ni wati 27.4. Ukitoka omu 1 kwenda 0.5 bila kushusha volti, umeongeza moto maradufu bila kujua.

5. Panga hewa. Hapa ndipo ladha nyingi zimefichwa.

Nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kumfundisha mgeni, ningechagua pete ya hewa, si wati. Ladha ikiwa hafifu, mkono wa kwanza wa kila mtu unakwenda kuongeza wati. Jaribu kwanza kufunga hewa.

Weka wati ulizochagua, fungua pete yote, vuta. Kisha funga robo, vuta. Nusu, vuta. Ukifunga, mvuke unakuwa wa moto zaidi na mzito zaidi, ladha inajikusanya. Ukifungua, unapoa, wingu linakua, ladha inatawanyika. Wengi wanakuta ladha bora ikiwa pete imefunguliwa kati ya theluthi na nusu.

Lakini kila ukifunga hewa, koili nayo inapungukiwa na cha kuipoza. Ukifika pahali mvuto unachoma midomo, usifungue hewa tena. Shusha wati kidogo na uache hewa ilivyo. Cheza hivyo, huku na huku, mpaka mvuke uwe wa vuguvugu na ladha iwe imejaa. Kwa ladha za baridi, mnanaa na zile za barafu, fungua zaidi: joto linaua ubaridi wake.

Hewa inaingilia wapi pia ina maana. Matangi yanayoleta hewa kwa chini, karibu kabisa na koili, kwa kawaida hutoa ladha kali zaidi. Yale yenye matundu kwa juu hayavuji ovyo, lakini hewa inasafiri mbali zaidi kabla ya kugusa koili. Siku hizi tofauti imepungua, ila bado ipo.

6. Rekebisha namna unavyovuta.

Podi ndogo na koili za omu 1 kwenda juu zimetengenezwa kwa mvuto wa sigara: unaujaza mdomo kwanza, kisha unaupeleka mapafuni. Ukizivuta kwa nguvu kifuani moja kwa moja, unavuta hewa tu, na wakati mwingine unaipandisha juisi kwenye bomba. Koili kubwa za wavu ni kinyume chake. Mvuto mfupi wa mdomoni hauzipi hewa ya kutosha, na mvuke unakuwa wa moto mno.

Vuta polepole. Sekunde 3 mpaka 4 zinatosha. Kisha toa sehemu ya mvuke kwa pua, kwa sababu sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha inanuswa, ulimi unajua tamu, chachu, chungu na wenzake tu. Fanya hivyo kwa mvuto mdogo kwanza, juisi yenye nikotini nyingi inawasha pua kweli.

7. Angalia mdomo wa kifaa na ukubwa wa chumba.

Mdomo mwembamba hukusanya mvuke juu ya ulimi, mpana huumwaga. Kama tanki lako linaruhusu kubadilisha, jaribu mwembamba kabla ya kununua tanki jipya. Chumba kidogo juu ya koili na bomba fupi hutunza ladha kuliko bomba refu, kwa sababu mvuke ukisafiri mbali unapoa na kugeuka matone njiani.

8. Kama kifaa chako kina udhibiti wa joto.

Ni wa hiari. Unafaa kwa waya unaobadilisha ukinzani wake ukipata moto: chuma cha pua, nikeli, titani. Kanthal, waya wa koili nyingi za kawaida, haifai, kifaa hakiwezi kuisoma, kitakupa ama moto mno ama hakuna kitu. Kwa chuma cha pua anza na nyuzi 200 za Selsiasi, panda kwa 10. Koili lazima iwe baridi kabisa kifaa kinapoipima mara ya kwanza. Ukiifunga ikiwa ya moto, hesabu yote inakwenda kombo.

Faida yake kubwa ni kwamba kifaa kinapunguza nguvu utambi unapoanza kukauka. Kwa ladha peke yake, wati zilizopangwa vizuri hazijapitwa mbali.

9. Andika.

Juisi, koili, wati, hewa. Mstari mmoja unatosha: "vanila, 0.4, wati 52, hewa nusu". Ukifungua chupa ileile baada ya mwezi hutaanza upya.

Kwa wanaosuka koili wenyewe

Waya uliosukwa, wenye nyuzi nyembamba zilizozungushwa juu ya waya mnene, una uso mkubwa zaidi wa kugusa juisi, na ladha yake ni nene. Gharama yake ni kuchelewa kupata moto na kula betri. Waya mmoja wa kawaida hupata moto haraka na hutoa ladha safi, kali kidogo. Kwa matunda mimi naupendelea. Koili iwe karibu na tundu la hewa bila kugusa chuma popote. Pamba ikipitishwa, ikwaruze kidogo lakini isiivute koili ikapinda: ikibana sana juisi haipiti, ikilegea sana inafurika.

Kabla ya kubonyeza, pima omu. Koili ya omu 0.2 kwenye betri iliyojaa, volti 4.2, inavuta ampea 21. Kama betri yako haikutengenezwa kutoa mkondo huo mfululizo, na kifaa hakina kinga, unacheza na mlipuko. Asiyejua hesabu hii asiguse vifaa visivyo na kinga.

Makosa yanayojirudia

*Kuongeza ladha ya jikoni kwenye juisi.* Usifanye kabisa. Arki nyingi za kupikia zina mafuta, na mafuta yakivutwa mapafuni huleta ugonjwa. Mwaka 2019 Marekani ilipata wimbi la majeraha makali ya mapafu miongoni mwa wavuta vepu, na kiini kilichohusishwa zaidi kilikuwa aina ya vitamini E ya mafuta iliyochanganywa kwenye bidhaa za bangi za mitaani. Kinachofaa kumezwa si lazima kifae kuvutwa.

*Kutia juisi za limao au mdalasini kwenye tanki la plastiki.* Baadhi zinapasua plastiki ngumu. Tumia kioo.

*Kuvuta mfululizo bila kupumzika.* Utambi unahitaji sekunde kadhaa kulowa tena. Wengi wanaolalamika kuhusu koili mbovu wana haraka tu.

*Kulaumu juisi siku ya kwanza.* Juisi za kastadi, krimu na tumbaku mara nyingi hukaa sawa zikiachwa wiki moja au mbili gizani, chupa imefungwa. Za matunda hazihitaji kusubiri hivyo.

Tatizo na tiba

Ladha ya moto kwenye koili mpya. Utambi haukulowa, au ulianza juu mno. Badilisha koili, rudia hatua ya 3. Usiendelee kuvuta ukijipa moyo kwamba itaisha: joto lililopita kiasi huivunja PG na VG kuwa kemikali kama fomaldihaidi na akrolini. Ule uchungu ni onyo.

Koili inakufa baada ya siku mbili. Angalia juisi. Ikiwa tamu kama pipi, ina kitamu cha sukraloosi, na hicho hakigeuki mvuke. Kinabaki kwenye waya kama masizi ya kahawia. Chagua juisi isiyo na kitamu au ukubali kununua koili mara kwa mara. Kushusha wati kunasaidia kidogo.

Mlio wa maji na matone mdomoni. Imefurika. Toa koili, pulizia kwa mdomo upande wa juu ukiwa umeziba chini kwa tishu, futa, rudisha. Ikirudia, juisi ni nyepesi mno kwa koili hiyo, au unatumia wati chache mno na juisi inaingia kuliko inavyochomwa. Mpira wa kuzibia uliokatika huleta jambo lilelile.

Ladha ya pilipili, juisi imekuwa ya kahawia. Nikotini imeingiliwa na hewa na mwanga. Rangi kidogo si neno, lakini ikiwa nyeusi na kali, imwage. Hifadhi chupa gizani, mahali pa baridi, mbali kabisa na watoto na wanyama. Nikotini ya maji ni sumu ikimezwa.

Ladha ya juisi ya zamani haitoki. Mnanaa, mdalasini na aniseti hushika kwenye mipira. Fungua tanki lote, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, suuza, kausha kabisa, badilisha koili na mipira. Pamba huwezi kuiosha.

Ladha nzuri asubuhi, jioni haipo. Kama kifaa ni rahisi kisicho na skrini, huenda nguvu inashuka kadiri betri inavyoisha. Chaji, jaribu tena.

Huonji chochote, na kifaa kiko sawa. Mpe mwingine anayeijua juisi hiyo aionje kwa koili yake. Akisema ladha ipo, tatizo ni pua na ulimi wako: vimezoea harufu hiyo, au vimekauka, maana PG na VG zote mbili hunyonya maji. Kunywa maji, piga mswaki mpaka kwenye ulimi, tumia ladha ya aina nyingine kabisa kwa siku mbili tatu, au pumzika kuvuta. Mafua nayo yanafanya hivyohivyo. Wakati huo usiguse wati. Mipangilio uliyoandika kwenye hatua ya 9 iache ilivyo mpaka ladha irudi.